Je, Mchezo wa Kutisha Ufungiwe Mlango?

Kuna neno tunalolisikia kila mara kundi changa la wachezaji linapotangaza mchezo wa kutisha. Vijana wamekaa miezi mingi wakijifunza, wamechanga fedha kidogo kidogo, wametafuta ukumbi na taa na mavazi. Kisha habari inaenea kwamba ndani ya mchezo wao mtu anauawa, au mtoto anateswa, au watu wa nyumba moja wanachukiana toka mwanzo hata mwisho. Mara wakubwa wanainuka na kusema: «Mambo gani haya? Je, hakuna mambo mema ya kuonyesha? Wafungieni mlango!» Na wengi wanaosema hivyo hawajasoma hata ukurasa mmoja wa mchezo wenyewe.

Sisi twasema kwamba hukumu ya namna hii si ya haki, tena haimlindi mtu yeyote. Lakini tusiseme maneno matupu. Tuchukue jambo moja lililotokea kweli katika mji wa London, kule Uingereza, mwaka 1965. Tulitazame polepole, kisha kila msomaji apime mwenyewe.

Kundi na mtungaji wake

Kundi lile liliitwa English Stage Company. Lilianza kuonyesha michezo yake katika jumba la Royal Court, penye uwanja wa Sloane Square, mwezi wa Aprili 1956. Mkubwa wake alikuwa George Devine, naye alikuwa na shabaha moja kuliko zote: kuwapa watungaji wapya mahali pa kusikilizwa. Tarehe 8 Mei mwaka uleule kundi lilionyesha Look Back in Anger, mchezo wa John Osborne, kijana wa miaka 26. Wengine walikasirika, wengine walishangilia. Na leo wanaofundisha habari za michezo ya Kiingereza huihesabu siku ile kuwa mwanzo wa zamani mpya.

Miaka tisa baadaye Devine alikuwa amechoka na mgonjwa, na uongozi ukashikwa na William Gaskill. Huyu ndiye aliyechukua mchezo wa Edward Bond unaoitwa Saved, yaani «Kuokolewa». Bond alizaliwa London mwaka 1934, katika nyumba ya watu wa kazi. Alipokuwa mtoto aliona mabomu ya vita yakiangushwa juu ya mji wake. Shule aliiacha akiwa na miaka 15, akafanya kazi viwandani na maofisini. Basi hakuwa mtu aliyejifunza taabu za watu katika vitabu.

Mchezo ulionyeshwa kwanza tarehe 3 Novemba 1965. Habari zake ni hizi. Kijana mmoja, jina lake Len, anafuatana na msichana, Pam, hata nyumbani kwao, kisha anapanga chumba mumo humo. Wazazi wa Pam, Harry na Mary, wanaishi chini ya paa moja bila kusemezana. Pam anamwacha Len na kumshika kijana mwingine, Fred. Anazaa mtoto. Fred hamtaki mtoto, na Pam naye amechoka naye. Katika onyesho moja mtoto analia chumba cha pili. Analia, analia tena. Watu wa nyumba wamekaa, televisheni inaendelea, wanabishana juu ya mambo yao, na hakuna anayeinuka kwenda kumtazama.

Baadaye, katika bustani ya mji, mtoto anaachwa ndani ya kigari chake. Amepewa dawa ili alale asisumbue. Vijana wa kundi la Fred wanaanza kwa mzaha: wanasukuma kigari, wanamvuta mtoto nywele, wanamfinya. Mzaha unageuka ukatili, na mwisho wanaokota mawe. Mtoto anakufa. Sisi watazamaji mtoto huyo hatumwoni hata mara moja; tunaona kigari tu. Pam anarudi, anakisukuma kigari kwenda nyumbani, anasema maneno ya kubembeleza, wala hatazami ndani.

Kalamu ya mkubwa wa jumba la kifalme

Toka mwaka 1737 sheria ya Uingereza iliagiza kwamba kila mchezo mpya upelekwe kwanza kwa Lord Chamberlain, mkubwa wa kazi katika jumba la kifalme. Watu wake waliusoma, wakapiga mistari juu ya maneno yasiyowapendeza, na bila kibali chake hakuna aliyeweza kuuonyesha mbele ya watu wote. Saved uliposomwa, maneno mengi yalikatazwa. Tena maonyesho mawili yalitakiwa kuondolewa yote mazima, na moja la hayo ni lile la mawe.

Bond hakukubali kuuvunja mchezo wake, na kundi halikumlazimisha. Wakatafuta njia nyingine: wakaonyesha mchezo kwa wanachama wa chama chao tu, kwa kuwa mambo ya chama yalikuwa yameachwa kwa muda mrefu bila kuguswa. Safari hii hawakuachwa. Walishtakiwa, na mwaka 1966 hakimu aliwaona wana hatia. Adhabu yenyewe ilikuwa nyepesi: waachwe kwa sharti la kutorudia, na walipe gharama. Hata hivi kila mtu aliona kwamba sheria ile ilikuwa imezeeka. Miaka miwili haikupita sana, na Bunge likaifuta: toka mwezi wa Septemba 1968 michezo ya Uingereza haikupelekwa tena kwa Lord Chamberlain. Mwaka 1969 kundi lilionyesha Saved palepale Royal Court, milango wazi.

Walichokata na walichokiacha

Sasa, wasomaji, tuangalie vizuri jambo ambalo wengi wanalipita. Kalamu ile ilitaka onyesho la mawe liondolewe zima. Onyesho la mtoto anayelia bila kuitikiwa halikuagizwa liondolewe zima. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu mkubwa wa serikali aliweza kuvumilia watu wazima watano wanaomwacha mtoto alie mpaka achoke. Lakini matunda ya jambo hilo hakutaka yaonekane.

Basi tuseme mchezo ungalionyeshwa kama alivyotaka. Watu wangaliona nyumba yenye kelele, msichana mvivu, mtoto msumbufu. Labda wangalicheka. Wangalirudi nyumbani wakisema: «Ndivyo walivyo watu wa mitaa ile.» Na uongo ungekuwa umesemwa mbele yao kwa kibali cha serikali: uongo wa kwamba mtoto anaweza kuachwa hivyo na mambo yakaendelea salama.

Wazee wetu wanasema: Mficha maradhi kilio humfichua. Bond alionyesha maradhi na kilio pamoja. Wale wa kalamu walitaka maradhi yabaki, kilio kifichwe. Ndiyo sababu twasema kwamba kukata kule hakukulinda adabu ya watu. Kulilinda usingizi wao.

Tuwajibu wanaopinga

Wa kwanza wanasema: «Mchezo kama huu unafundisha ubaya. Vijana wataona na kufuata.» Hoja hii ina uzito, nasi tunaofundisha watoto hatuidharau. Lakini tuulize: ubaya unafundishwa namna gani? Unafundishwa pale unapopambwa. Mwuaji akipewa suti nzuri, gari la haraka, wanawake na vicheko, na mwisho akaenda zake bila kujutia kitu, hapo kijana ana la kutamani. Katika Saved nani wa kutamaniwa? Fred anatupwa gerezani, na mbele ya Len analalamika kwa ajili ya nafsi yake tu. Pam anaendelea kumlilia Fred, wala si mtoto. Hakuna aliyepata faida, hakuna aliyependeza. Kumbe wale wanaopinga Saved waliacha filamu nyingi za bunduki na vicheko zipite mbele ya watoto wao bila neno.

Wa pili wanasema: «Michezo ya zamani ilikuwa ya heshima. Haya ni mambo ya siku hizi.» La hasha! Katika mchezo wa Euripides, ulioonyeshwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo, Medea anawaua watoto wake mwenyewe. Katika Macbeth wa Shakespeare mtoto wa Macduff anachomwa kisu jukwaani mbele ya mama yake, nao wanafunzi hufundishwa mchezo huo shuleni. Tena wakristo wa Uingereza wa kale, katika mji wa Coventry, walionyesha barabarani jinsi askari wa Herode walivyowaua watoto wa Bethlehemu. Na walioshughulikia mchezo ule walikuwa chama cha mafundi, wanyoa vitambaa vya sufu na washona nguo, wala si wahuni. Hawakuona haya kuonyesha mauaji ya watoto, kwa sababu waliyajua na walitaka watu wayalie.

Tofauti iko wapi, basi? Askari wa Herode wanavaa mavazi ya kale. Wauaji wa Macbeth wanasema maneno makubwa ya mashairi. Vijana wa Bond wanasema lugha ya mitaa ya kusini ya London, lugha ya mtu aliyeuza samaki asubuhi ile au aliyetengeneza baiskeli. Mtazamaji hawezi kusema: «Hao ni wa zamani, hao ni wa mbali.» Hilo ndilo lililowauma. Hawakuchukia damu, walichukia ujirani.

Wa tatu wanasema: «Mambo haya hayawafai watoto.» Kweli tupu! Hapa hatubishani hata kidogo. Laurence Olivier, mchezaji mwenye sifa kubwa kuliko wote katika Uingereza ya siku zile, aliutetea mchezo huu mbele ya watu, na yeye pia alisema kwamba si wa watoto. Ni wa watu wazima, nao wawe na moyo wa kuutazama. Mlango una mlinzi, tangazo lina nafasi ya kuandika umri. Lakini dawa isiyomfaa mtoto haitupwi kwa sababu hiyo. Inawekwa juu, mahali mtoto asipofika.

Wa nne wanasema: «Kundi changa lianze na mambo mepesi. Likikua, na liguse mazito.» Sisi twajibu: kucheka ni kwema, tena kunaleta fedha. Kundi la Royal Court lenyewe lilijua hivyo. Mwisho wa mwaka 1956 lilionyesha The Country Wife, mchezo wa kuchekesha wa William Wycherley wa karne ya 17, na watu wakaja kwa wingi. Fedha za vicheko zilisaidia kuwalisha watungaji wapya. Hiyo ni akili ya nyumba. Lakini kundi linaloambiwa lingoje mpaka likue ndipo liseme neno lake, litajifunza kungoja tu. Litazoea kupendeza. Na mtu aliyezoea kupendeza kwa miaka kumi, siku ya kusema kweli sauti hana tena.

Kiti kile

Kuna wa tano, na hoja yao ndiyo nzito kuliko zote. Wanasema: «Mchezo huu hauna tumaini. Mtu anatoka amevunjika moyo.»

Tutazame onyesho la mwisho. Mtoto amekufa, Fred amefungwa na kutoka, nyumba imegombana mpaka mama amempiga baba kwa buli la chai. Sasa wote wako sebuleni. Hakuna anayesema. Len anatengeneza kiti kilichovunjika katika ugomvi ule. Mara moja tu anaomba aletewe nyundo. Hakuna anayemletea, hakuna anayejibu. Anaendelea kutengeneza. Mchezo unakwisha hapo.

Watu wengi walisema ule ni mwisho wa kukata tamaa. Sisi hatuoni hivyo, wala Bond mwenyewe hakuona hivyo; yeye aliuhesabu mchezo wake kuwa wenye tumaini. Tufikiri: Len alikuwa na sababu zote za kuondoka. Amefukuzwa, ametukanwa, amedharauliwa. Tena si mtu safi: aliyaona mauaji yale kwa mbali, miguu yake haikumpeleka kuokoa. Lakini anabaki katika nyumba ile, na anatengeneza kitu ambacho wengine watakalia. Hapati asante. Hapati hata nyundo. Tumaini la mchezo huu ni dogo kama kiti kimoja, lakini ni la kweli, kwa maana limelipiwa. Tumaini linaloletwa na harusi ya ghafula na ngoma mwishoni, baada ya mtoto kuuawa, lingekuwa matusi kwa mtoto yule.

Maneno mawili kwa vijana wenyewe

Tukisema hivi, kundi lolote lisifikiri kwamba tumelipa ruhusa ya kumwaga damu kama maji. Wako wanaotafuta kutisha kwa sababu kutisha kunaleta makelele, na makelele yanaleta watu. Wanamtesa mwanamke jukwaani nusu saa, wala hawajui kwa nini. Ukiwauliza wanajibu: «Ndivyo dunia ilivyo.» Hilo si jibu. Dunia ilivyo tunaijua. Tulikuja ukumbini ili tuione vizuri zaidi kuliko tunavyoiona njiani.

Tunawapa maswali matatu ya kupimia, nao wenye kumbi wapime vilevile. Swali la kwanza: mchezo unaonyesha ubaya umetoka wapi, au unautupa tu mbele yetu kama mzoga? Saved unaonyesha: kilio kinatangulia, mawe yanafuata. La pili: nani anapewa utamu? Mtesaji akitoka mwenye kupendeza kuliko mteswa, mchezo umeoza, hata kama mwishoni polisi wanakuja. La tatu: je, yuko mmoja, hata mnyonge, hata mwenye hatia, anayekataa kuwa kama wengine? Si lazima ashinde. Lakini asipokuwapo kabisa, mtungaji ameongopa kwa upande wa pili, maana hata katika nyumba mbaya sana huwa yuko anayeokota vipande.

Tena kundi linalochagua mchezo mzito lijue kazi yake haikwishi taa zikizimwa. Watu wakitoka na moyo umevurugika, wapewe nafasi ya kusema. Mwezi uleule wa Novemba 1965 watu walikutana katika Royal Court kujadiliana juu ya Saved, wanaoutukana na wanaoutetea. Hivyo ndivyo inavyofaa. Asiyetaka kuulizwa asionyeshe.

Kwa ninyi wenye funguo

Bond alifariki mwezi wa Machi 2024, mwenye miaka 89. Mchezo wake ungali unasomwa na kuchezwa. Mwaka 2011 ulionyeshwa tena London, katika jumba la Lyric Hammersmith. Maneno yale yaliyopigwa mstari yanasomeka leo kitabuni, na majina ya waliopiga mistari ni wachache wanaoyakumbuka.

Basi, ninyi wenye funguo za kumbi, ninyi wakubwa wa shule na wa vyama, vijana watakapokuja kwenu na mchezo unaowatia hofu, msianze kwa kukataa. Ombeni karatasi zao, mzisome zote, toka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Ulizeni maswali yale matatu. Ulizeni nani atasimama mlangoni na ni umri gani utakaoingia. Mkiona mchezo umeoza, kataeni. Lakini waiteni vijana wenyewe, mwaambie sababu mbele ya macho yao, nao wawajibu. Mkiona ni wa kweli, wapeni ukumbi, na siku ya kwanza mje mkae mbele. Na usiku huo, mtakaporudi nyumbani, kama kuna mtoto anayelia chumba cha pili, inukeni mkamtazame.